Nakupa Tabora

Ndugu wanamapambano!

Naam, nimeandika hivyo na sifuti. Nilianza "Mwanangu mpendwa" mara mbili, na mara zote mbili karatasi ikanitazama kama inamtazama mgeni. Wewe peke yako ndiye utakayeisoma barua hii, lakini umelelewa na mwanamke asiyejua kusema na mtu mmoja bila kujifanya yuko mbele ya ukumbi. Basi pokea salamu ya ukumbi, ndugu Sauda, mwanamapambano mwenzangu katika mapambano ya pekee tuliyopata kuyaendesha mimi na wewe bega kwa bega: mchezo wetu wa hadithi, kila Jumamosi, barazani kwa Bi. Mwanaidi. Mapambano yale hayakuvunjwa na adui kutoka nje. Yalivunjwa na mtu wa ndani, tena aliyekalia kiti cha mbele, nami nitamtaja kabla sijafika mwisho wa karatasi.

Ni alasiri ya Ijumaa. Umekwenda Boko kumuaga shangazi yako. Baba yako yuko uani, analifunga kamba sanduku lako la bati kwa mara ya nne, maana kila akimaliza fundo la mwisho anakumbuka kitu kilichobaki nje. Nimemwambia aandike orodha kwanza. Amenijibu, "Mama Sauda, hili ni sanduku, si mkutano mkuu." Hivyo ndivyo ninavyojibiwa katika nyumba hii. Kesho jioni utapanda treni ya kwenda Tabora, kwenye chuo cha uuguzi, na nyumba yetu ya Tandika itabaki na watu wawili wasioelewana hata kuhusu fundo.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za kutomwamini mtu anayekuuliza jina dirishani mwa treni, sitaziandika hata mstari. Shangazi zako wamekwisha kukujaza hizo mpaka zinamwagika. Mimi nakuandikia juu ya mchezo.

Guna tu. Wameguna wengi kabla yako. Watu wa mtaa huu wamenionea huruma miaka mitano mizima: mwanamke msomi, aliyepata kusimama Mlimani juu ya meza ya bwalo akawafanya wanafunzi waache vijiko vyao mezani, leo anakaa mkekani anakata maboksi ya viatu vipande vipande na kuandika juu yake "mvua", "ufunguo", "mgeni wa usiku". Jirani yetu wa nyuma aliniambia wazi, "Mama Sauda, mie nilidhani mnafanya maombi. Kumbe watu wazima mnacheza!" Alisema neno hilo, mnacheza, kama mtu aliyeona panya kwenye unga.

Lakini tazama jinsi jambo lenyewe lilivyoanza, maana ulikuwa na miaka kumi na mitano na huenda uliona miguu ya mambo bila kuona vichwa vyake. Shirika lilikuwa limenipunguza kazi. Mtu niliyetumwa na shirika hilo hilo kuwaelimisha wafanyakazi juu ya haki zao, nikapewa barua ya mistari mitatu juu ya haki zangu. Nikarudi nyumbani, nikakaa. Zilikuwa zimeingia zama za ruksa, na kila baraza lilikuwa limegeuka duka. Huyu anauza sabuni, yule mitumba, wa tatu anauza barafu. Sikuwalaumu, watu lazima wale. Kilichonichoma ni kibanda cha video kilichofunguliwa mbele yetu. Nilikuwa nikikaa dirishani nawatazama watu wazima, watu ninaowajua, wenye vichekesho na visa vya kutosha kumaliza mwaka, wanaingia mle gizani na kukaa kimya saa tatu wakitazama Wachina wakirushana. Tulikuwa watu wa kusema! Kila bibi katika nchi hii alikuwa na hadithi kumi na mbinu yake ya kuzikata mahali pabaya. Sasa tunakaa kwenye mabenchi, tunatazama visa vya wengine, tunatoka tukisugua macho.

Nikaamua kupambana. Unajua maana ya mimi kuamua kupambana. Niliandika katiba.

Mchezo wa kwanza niliubuni kwa siku nne, nikauita Kiwanda. Ulikuwa na kurasa kumi na moja za kanuni. Kila mchezaji alikuwa idara, na hadithi ilipaswa kuonyesha jinsi bidhaa inavyotoka idara moja hadi nyingine na wapi jasho la mfanyakazi linapotelea. Niliwaalika watu wawili tu waliokubali: Bi. Mwanaidi, aliyetoa baraza lake kwa sababu vitumbua vyake huisha saa nne asubuhi na baada ya hapo hana la kufanya, na Shija, yule Msukuma wa machinjioni Vingunguti, aliyepanga chumba kwake. Nikasoma kanuni. Nilipofika ukurasa wa sita Bi. Mwanaidi alikuwa anakoroma kwa adabu, mkono kinywani. Shija alivumilia hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna mkuu wa chuo aliyepata kuniuliza la maana kama hilo:

"Mama Sauda, samahani. Kwenye huu mchezo, anayecheka ni nani? Na anacheka saa ngapi?"

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikakwambia kwamba umma haujaiva. Ulikuwa unachambua mchicha. Hukuinua kichwa. Ulisema, "Mama, labda umeuchemsha wewe peke yako."

Mchezo wa pili haukuwa na kanuni hata moja, kwa hasira. Kila mtu aendeleze hadithi alipoachia mwenzake. Ndani ya nusu saa Shija alikuwa amewaua wahusika wote kwa kisu, na Bi. Mwanaidi, ambaye hapendi maiti ambazo hazijaolewa, akawafufua na kuwaoza wawili wawili. Shija akawaua tena wakiwa fungate. Wakabishana mpaka jua likaanza kuzama, mimi niko katikati kama refa aliyenyang'anywa filimbi.

Ni wewe uliyeleta dawa, na nataka liandikwe hapa kwa wino, kwa sababu kwa miaka mitano nimekuwa nikiwaambia watu kwamba tuliibuni pamoja. Hatukuibuni pamoja. Ulileta chai barazani, ukasimama na sinia, ukasema: "Kwa nini msifanye kama vitendawili? Aliyeshindwa atoe mji."

Jambo hilo kila mtoto wa pwani na bara analijua. Unatega kitendawili, wenzako wanashindwa kukitegua, unawaambia "Nipeni mji". Wanakupa, labda Tanga, labda Kigoma, nawe unajigamba kidogo jinsi ulivyofika katika mji huo na jinsi ulivyopokewa, ndipo unapowapa jibu. Tulikuwa tumelicheza sote tukiwa watoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba ndani yake mlikuwa na mchezo wa watu wazima umelala. Wewe ulifikiri, na sinia mkononi.

Kuanzia Jumamosi ile ukawa mchezaji wa tano, maana na Karani Mbwambo alikuwa amekwisha kuingia, mstaafu wa watu, kwa sharti kwamba aruhusiwe kuandika muhtasari wa kila kikao. Mchezo tukauita Nipe Mji. Msimulizi anachomoa kipande kutoka kopo la maziwa, anaanza kisa kwa kitu kilichoandikwa, na wasikilizaji wana haki ya "kwa nini" tatu, si zaidi. Akijibu zote tatu, kisa ni chake na anaendelea. Akikwama, anampa aliyemkwamisha mji, na mwenye mji lazima asimulie papo hapo alichokikuta alipofika huko. Kila mji una kizibo chake cha soda, umeandikwa jina lake kwa ndani. Mwisho ukaongeza kanuni yako mwenyewe, kanuni kali kupita zote: "kwa nini" ya tatu, msimulizi akitaka, anaweza kuiuliza yeye mwenyewe, akairudisha kwa yeyote aliyekaa mkekani, na huyo ndiye ajibu au atoe mji.

Unakumbuka nilivyoupata Tabora? Shija alikuwa amechomoa "sanduku".

"Palikuwa na mtu yuko kwenye treni amekalia sanduku," akaanza. "Hasimami hata kwenda kujisaidia."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Ndani mna mke wake."

Bi. Mwanaidi akaruka. "Astaghfirullah! Shija, wewe ushaanza kuua! Kwa nini umtie mwenzio sandukuni?"

"Mzima, bibi! Mzima kabisa. Hana tiketi tu."

"Kwa nini hana tiketi," nikauliza, "na hali mume anayo?"

Shija akatazama juu, akatazama chini, akajikuna shingo. Kumbe alikuwa hajaufikiria umbali huo. Akasema, "Aa, Mama Sauda. Chukua Tabora. Chukua uende zako." Na wewe ukacheka mpaka ukalala ubavu mkekani, na nikalazimika kusimulia jinsi nilivyoshuka Tabora nikamkuta yule mwanamke ametoka sandukuni, amekalia sanduku lenyewe, na mume yumo ndani. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu niliposema mbele ya watu bila kujua sentensi yangu inayofuata. Sauda, niliogopa. Mlimani sikuogopa polisi, lakini pale niliogopa. Kisha nikaona ninyi wanne mmeinama mbele, mnangoja, na sikuwa na msimamo wowote wa kuwapa, ila mwanamke mmoja juu ya sanduku. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya bwalo.

Sasa niambie, mtu aliyepewa furaha ya namna hiyo hufanya nini nayo? Mtu mwenye akili huishika kwa vidole viwili. Mimi nikaiundia uongozi.

Mlikuwa mnachelewa. Nasema kweli, mlikuwa mnachelewa! Saa kumi kwa Shija ni saa kumi na moja, na Bi. Mwanaidi ndani ya baraza lake mwenyewe alikuwa anachelewa kutoka chumbani. Kwa hiyo nikaing'oa kengele ya baiskeli ya zamani ya baba yako, nikaiweka mbele ya magoti yangu, nikajitangaza mwenyekiti. Hakuna aliyenichagua. Karani Mbwambo aliandika tu kwenye muhtasari, "Mama Sauda amekuja na kengele." Mwanzo niliipiga kufungua kikao. Kisha nikaipiga kunyamazisha. Kisha, na hapa ndipo lilipo kosa, nikaipiga kusahihisha. Kisa kikienda mahali nisipopapenda, *tring*, nje ya hoja. Tajiri mwema? Nje ya hoja. Mganga aliyeponya kweli? Nje ya hoja. Unakumbuka jini wa Bi. Mwanaidi, mwenye shamba la minazi Bagamoyo?

"Bi. Mwanaidi," nikamwambia, "jini si mzalishaji mali. Hawezi kumiliki ardhi."

"Wa kwenu bara ndio hawawezi, mwanangu," akanijibu akijitengeneza khanga. "Wa Bagamoyo ana shamba, ana ghala, na ana adabu. Hapigi kengele mtu mzima akisema."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilidhani nalinda mchezo. Nimekaa nikihesabu Jumamosi za miaka mitano, na katika zote hizo sijapata kutoa mji hata mmoja. Vizibo vya watu vilizunguka mkekani kama maji. Vyangu vilikaa. Si kwamba nilijibu maswali yote, mwanangu. Nilipokaribia kukwama, nilipiga kengele.

Basi tufike Jumamosi yenyewe, tisa zilizopita.

Ulitia mkono kwenye kopo, ukachomoa kipande, ukasoma: "Geti." Nilikiandika mimi, kwenye kifuniko cha boksi la viatu vyako vya shule, nikiwa na nia ya geti la kiwanda.

"Palikuwa na mtoto wa darasa la kwanza," ukasema, "ameambiwa na mama yake asubiri getini."

"Kwa nini asubiri?" akauliza Karani Mbwambo, kalamu ikiwa tayari.

"Alikuwa na homa tangu asubuhi. Mama yake alisema siku hiyo asirudi na wenzake, atakuja kumchukua mwenyewe, saa sita."

Bi. Mwanaidi hakuuliza upesi. Alikutazama kwanza. "Kwa nini mama yake hakuja?"

"Alikuwa mkutanoni. Ndiye aliyekuwa anasema."

"Huyo mama namjua," Shija akasema akicheka, maskini, hajui kitu. Bi. Mwanaidi akampiga kwa goti.

Kisha ukanigeukia. Hukuwa na hasira, ningeiona. Ulikuwa na uso ule ule wa siku ya mchicha. "Ndugu Mwenyekiti, ya tatu nakurudishia wewe. Kwa nini hakukumbuka?"

Kanuni zilikuwa wazi: nijibu au nitoe mji. Ni kanuni yako, na kura ya kuipitisha nilipiga mimi wa kwanza. Nikashika kengele. Nikasema, "Nje ya hoja. Kikao kimeahirishwa."

Ulikiweka kizibo chako pembeni ya mkeka, ukasema, "Bi. Mwanaidi, nakwenda kuanua nguo." Siku hiyo hatukuwa tumefua. Karani Mbwambo, ambaye huandika kila kitu na hamlindi mtu, akaandika mstari ambao nimeusoma mara nyingi kuliko barua yangu ya kupunguzwa kazi: "Saa kumi na moja na nusu Mwenyekiti aliahirisha kikao. Sababu haikutolewa."

Tangu hapo hujakanyaga barazani. Nilijidanganya kwamba una fomu za chuo. Shija alikuuliza dukani, ukamwambia unajisomea. Bi. Mwanaidi hakuuliza mtu. Kila Jumamosi anatandika mkeka, anaweka mito mitano, anautazama wa tano, kisha ananitazama mimi. Hakuna adhabu iliyopata kubuniwa na dola yoyote inayofanana na macho ya Bi. Mwanaidi Jumamosi saa kumi.

Sasa nikujibu. Nilipaswa kukujibu mkekani, mbele ya watu, lakini nimekuwa mwoga. Nianze kwa kukujibu hapa.

Umeuliza kwa nini hakukumbuka. Alikumbuka.

Ukumbi ule wa mkutano wa wafanyakazi ulikuwa na saa ukutani, juu ya mlango, mbele ya macho yangu. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Nililitamka jina lako moyoni, Sauda, na nikaikunja karatasi niliyokuwa nikisoma ili niwaage. Kabla sijasema neno, mzee mmoja wa idara ya upakiaji akasimama, akainua mikono yote miwili, na ukumbi mzima ukasimama pamoja naye wakipiga makofi. Nikaikunjua karatasi. Nikasema dakika tano. Ikapita saa sita, nikaitazama ikipita. Ikapita saa nane. Baadaye wakaunda kamati, wakataja jina langu, nikakubali, nikakaa na kamati. Wewe ulikuwa umeegemea geti una homa, na mlinzi amekupa muhogo wake ukashindwa kuutafuna, mpaka Bi. Mwanaidi alipokukuta akitoka sokoni akakubeba mgongoni. Nilipofika kwake magharibi ulikuwa umekwisha kuogeshwa, umelala. Ulipofungua macho nikasema, "Nilisahau, mwanangu. Nisamehe." Ukanisamehe pale pale, ukiwa na miaka saba, kwa kutikisa kichwa.

Kwa miaka kumi na mitatu nimekaa na msamaha ambao niliuchukua kwa jina la kosa jingine. Kusahau ni kosa la watu wema. Mimi nilichagua. Na nikwambie kitu kinachonitia hasira kupita vyote, hasira ya kutaka kukivunja kiti hiki ninachokalia: silikumbuki azimio. Tulipitisha azimio siku ile, kwa kauli moja, na leo ukinipa mji wowote ulimwenguni siwezi kukutajia hata neno lake moja. Nakumbuka mikono ya yule mzee tu, na saa.

Ndiyo maana sikuweza kukujibu. Swali lako lilikuwa limejengwa juu ya uongo wangu, na kulijibu kulitaka niung'oe msingi mbele ya Shija, mbele ya Karani na kalamu yake, na mbele ya mwanamke aliyekubeba. Kengele ilikuwa karibu zaidi.

Nimejiuliza kama ulijua. Sidhani. Nadhani mchezo ndio uliojua. Ndiyo kazi yake, mwanangu, na ndiyo sababu nakusihi, katika barua ambayo nimeapa haitakuwa na hotuba, usiuache Tandika. Pale mkekani mtu anashika kipande cha boksi, anasema "palikuwa na mtoto", na jambo alilolimeza miaka na miaka linatoka limevaa nguo za mtu mwingine, na wenzake wanaliuliza kwa nini. Mkutano haufanyi hivyo. Nimeongoza mikutano maisha yangu yote, na mkutanoni kila mtu nilijua atasema nini kabla hajasimama. Shija sijui atasema nini. Bado namwogopa Shija kwa sababu hiyo, na bado nampenda.

Huko Tabora mtakuwa wasichana wengi katika bweni moja, miguu imevimba kwa kusimama wodini, na mtakuwa mmeona vitu vya siku hiyo ambavyo hamtaweza kuvisema kwa majina yake. Tafuta kopo. Boksi la viatu halikosekani. Usiwapelekee kanuni zangu, ziko kurasa nyingi mno na nusu yake niliziandika kumkomoa Karani Mbwambo. Buni zako, na wakizivunja kwa kucheka, waachie, hapo ndipo kanuni bora inapozaliwa. Yako ilizaliwa juu ya sinia. Jumamosi ya kwanza itakuwa mbaya. Mtu ataua wahusika wote. Mwingine atawaoza. Utataka kuweka utaratibu, utaisikia damu yangu ikikupanda kichwani, mkono utatafuta kitu cha kugonga. Ukiufikia wakati huo, Sauda, mwanangu, kaa juu ya mikono yako.

Nami naufunga upande wangu kwa mujibu wa kanuni. Niliulizwa, sikujibu, kikao kikaahirishwa bila sababu. Jibu la kuchelewa halifuti kosa la siku ile. Kwa hiyo natoa mji, wa kwanza katika miaka mitano, na sikukutafutia mji wa mbali asioujua mtu. Nakupa Tabora. Ndio mji niliojivunia kuliko vyote, na kizibo chake kimo ndani ya bahasha hii. Nimekitoboa kwa msumari nikapitisha uzi ili usikipoteze kama unavyopoteza kila kitu. Unajua deni la mwenye mji. Akifika lazima aseme alichokikuta. Utaniandikia, na barua zako zitasomwa mkekani, na watu watakuuliza kwa nini kwa posta, na Mungu akusaidie na mwandiko wa Shija.

Utaikuta barua hii juu ya mto wako ukirudi kutoka Boko. Kando yake kuna kitu kizito nilichokifunga kwa kitambaa. Usikifungue kwa kishindo, baba yako atadhani baiskeli yake imefufuka.

Sikuombi unisamehe tena. Ule wa kwanza niliutumia vibaya, na wa pili usiutoe kwa kutikisa kichwa. Nakuomba umalizie kisa. Mtoto yuko getini tangu Jumamosi ile, saa sita imepita, ana homa, na mimi ndiye niliyemwacha pale mara ya pili.

Kikao kijacho ni kesho Jumamosi, saa nane mchana, si saa kumi, kwa sababu treni inaondoka kumi na moja. Mahali ni barazani kwa Bi. Mwanaidi, mito mitano imekwisha kutandikwa, nimemwagiza Shija awahi, na Karani Mbwambo ameacha nafasi kwenye daftari lake chini ya ule mstari. Ajenda ni moja, mtoto wa getini, kuanzia pale alipokatwa. Msimulizi ni wewe. Mwenyekiti hayupo. Mimi nitakaa mwisho wa mkeka, karibu na viatu, na nitakuwa pale kuanzia saa sita kasoro robo.

Kengele unayo wewe.

Mama yako